"Malaise" ya Kifaransa siyo malaise ya Kiingereza: maswali mnayoniuliza kila siku

Natafsiri mafaili ya wagonjwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, mengi yanatoka Bujumbura, Bukavu na Goma, mgonjwa anaenda kutibiwa Dar, Nairobi, Kampala au India na dokta wa huko hajui Kifaransa hata cha salamu. Kuna neno moja kila anayeanza hii kazi lazima ajikwae nalo, mimi mwenyewe nilijikwaa vibaya, na nimechoka kuandika majibu yaleyale WhatsApp kwa watu kumi tofauti kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Neno lenyewe lipi?

"Malaise". Ndio, hilohilo ambalo hata Kiingereza kinalo, herufi zilezile, na hapo ndo mtego ulipo. Lingekuwa neno geni ungefungua kamusi, lakini hili ukiliona unasema aa hili nalijua, unaliacha linapita kama lilivyo na unaendelea na mstari unaofuata.

Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne ya 18. "Mal" ni vibaya, "aise" ni raha, yaani mtu hana raha mwilini. Kwa Waingereza, ukiacha ule wa magazeti wa "uchumi una malaise", hospitalini limebaki na kazi moja tu, ile hali ya mwili mzima kutokuwa sawa, kama siku mbili kabla malaria haijakulaza, hujui unaumwa nini ila chai haipandi na kitanda kinakuita. Kule lilikozaliwa likaendelea kukua, na leo kwenye faili la hospitali mara nyingi linamaanisha tukio: mtu alikuwa amesimama vizuri tu, ghafla akaona giza, jasho la baridi, miguu ikaisha nguvu, labda alianguka labda hapana, labda alipoteza fahamu labda hakupoteza.

Nitajuaje hapa ni tukio na hapa ni hali tu ya mwili?

Uliza "saa ngapi?" Kama sentensi inakubali jibu la saa, hilo ni tukio. "Malaise ce matin à la messe", asubuhi hii kanisani, hiyo ina saa na ina mahali. Kama inakubali tu jibu la "tangu lini", mfano tangu Jumatatu mwili hauko sawa, basi hiyo ni ile hali ya uchovu na Kiingereza chake kinaweza kubaki "malaise" bila shida.

Angalia pia kama inahesabika. Mfaransa anasema "un malaise", "deux malaises en un mois", na anasema mtu "a fait un malaise", amelifanya, au "a présenté un malaise". Kwa Kiingereza huwezi kusema mtu kapata malaise mbili, haihesabiki, ni kama kusema mtu kapata uchovu mbili. Ukiona namba imesimama mbele yake shtuka.

Kwani nikiliacha "malaise" kama lilivyo kuna ubaya gani, si dokta ataelewa?

Hataelewa, na ubaya wake ni kwamba hatajua kama hajaelewa. Nikusimulie la kwangu. Mwaka wa kwanza wa hii kazi nilipewa faili la mzee mmoja, karatasi nne, mwandiko wa kalamu, Kifaransa cha haraka haraka. Mstari wa kwanza ulikuwa "malaise à l'église, 3e épisode". Nikaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa alikuwa na malaise kanisani, mara ya tatu, nikajiona fundi kweli. Kule alikopelekwa dokta akasoma akaona mzee anajisikia vibaya vibaya, mwili hauna nguvu, akaanza kutafuta maambukizi, akaagiza vipimo vya damu, malaria, ini. Siku ya pili binti yake, ambaye ndo alikuwa anamuuguza, akasema kwa Kiswahili mbele ya nesi "baba alizimia kanisani, ameshazimia mara tatu sasa". Nesi akageuka akamwita dokta. Kipimo cha moyo kilifanyika mchana huohuo wakati kilitakiwa kifanyike dakika ya kwanza mzee anaingia mlangoni. Mzee alipona, lakini binti alinipigia simu na sikuwa na la kumwambia.

Kama unataka ushahidi mwingine angalia namba za magonjwa za WHO, ile ICD-10. "Malaise and fatigue" iko R53, kuzimia iko R55, "syncope and collapse". Sasa kaa na hiyo: tafsiri yako ikisema malaise, karani wa bima anaandika R53, halafu bima inauliza mtu mwenye uchovu anapimwa moyo wa nini.

Sasa Mfaransa kwa nini asiseme tu mtu kazimia?

Maana mara nyingi hajui. Dokta wa emajensi hakuwepo kanisani, amemkuta mgonjwa ameshaamka anakunywa soda, ndugu mmoja anasema alizima kabisa, mwingine anasema hapana alikuwa anatuangalia. Dokta mwaminifu anaandika "malaise" na anaacha mlango wazi. Ni kapu. Ndani yake kuna "syncope", yaani kuzimia kwenyewe, fahamu inapotea ghafla kwa muda mfupi kwa sababu damu haifiki vya kutosha kwenye ubongo halafu mtu anarudi mwenyewe, na kuna "lipothymie", yaani kutaka kuzimia bila kufika, kiza machoni, masikio yanavuma, unashika ukuta. Kuna na mengine ambayo siyo kuzimia kabisa, sukari kushuka, kifafa, hofu tu.

Na siyo madokta peke yao. Treni ya chini kwa chini Paris ikichelewa mara nyingi tangazo linasema "malaise voyageur", abiria kapatwa na malaise, hakuna anayejua kama abiria kaanguka au kakaa chini, inatosha kujua treni imesimama kwa ajili yake. Kwenye mpira pia. Mnakumbuka Christian Eriksen, yule mchezaji wa Denmark, 12 Juni 2021, Denmark na Finland pale Copenhagen? Magazeti ya Kiingereza yaliandika "collapsed", yaani kaanguka, ya Kifaransa yakaandika "malaise", na mtu mwenyewe moyo wake ulikuwa umesimama. Neno lilelile linalotumika kwa binti aliyeshikwa na kizunguzungu kwenye foleni ya benki limetumika kwa mtu aliyerudishwa duniani kwa mashine. Ukilitafsiri bila kuangalia kinachofuata unaweza kukosea kwa upana wote huo, huku au kule.

Mtaani wenyewe wanasema pia mtu "est tombé dans les pommes", kaanguka kwenye matofaa, yaani kazimia. Kwenye faili hutaikuta ila ukitafsiri maneno ya mgonjwa mwenyewe inaweza kutokea, usije ukaandika kwamba mama alidondokea matunda.

Basi niandike nini? Nipe neno moja nikariri.

Neno moja halipo ndugu yangu, na anayekupa moja anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Soma maneno yanayolizunguka.

Ukikuta "malaise vagal" umepata bahati, dokta ameshakwambia sababu, ni ule mshipa wa fahamu wa vagus, mtu kaona damu au kasimama juani sana presha ikashuka. Kiingereza "vasovagal episode". Wengi wanakimbilia "vasovagal syncope" lakini syncope maana yake fahamu ilipotea, na "malaise vagal" haisemi hivyo, mtu anaweza kuipata macho wazi. "Episode" inabeba yote mawili.

"Malaise hypoglycémique" ni "hypoglycaemic episode", sukari imeshuka, hapo hapana mjadala.

"Malaise avec perte de connaissance", dokta kasema fahamu ilipotea, andika "episode with loss of consciousness" au "transient loss of consciousness" kama faili linaonyesha aliamka mwenyewe. Usiandike "syncope" kwa sababu kifafa nacho kinapoteza fahamu na dokta wa Kiingereza akiona "syncope" anakiondoa kifafa kichwani. Neno dogo tu lakini limefunga mlango ambao dokta wa kwanza aliuacha wazi makusudi.

"Malaise sans perte de connaissance", mimi naandika "felt faint, no loss of consciousness" kama dalili zilizoandikwa ni za kutaka kuzimia, jasho, giza, weupe. Kama hakuna dalili zozote hapo basi "felt suddenly unwell, no loss of consciousness".

Halafu kuna ile mbaya kuliko zote, "malaise" peke yake, nukta. Hapo naandika "sudden episode of feeling unwell" na pembeni naweka maelezo ya mtafsiri, mstari mmoja, kwamba neno la Kifaransa linaweza kujumuisha kuzimia na maandishi ya asili hayasemi kama mgonjwa alipoteza fahamu. Wateja wengine hawapendi maelezo ya mtafsiri, wanaona yanachafua karatasi. Mimi kwenye hili sibishani sana, naweka.

Na "collapse" je? Inapendeza, fupi, madokta Waingereza wanaitumia sana, lakini inabeba kuanguka ndani yake. Bibi aliyepatwa na malaise akiwa amekaa kwenye kiti na akabaki kwenye kiti hajaanguka. Ukikuta "avec chute" karibu yake tumia bila wasiwasi, maana hapo dokta mwenyewe kasema alianguka.

Nimeona "malaise sans PC". PC ni kompyuta?

Umenichekesha ila hujakosa akili, nimeshaona tafsiri ya mtu inasema mgonjwa hakuwa na kompyuta. PC ni "perte de connaissance", kupoteza fahamu. Kuna na PCI, hiyo "I" ni "initiale", fahamu ilipotea pale mwanzoni tu, utaikuta kwenye ajali za kichwa. Na kwenye kadi ya mtoto mchanga PC inakuwa "périmètre crânien", kipimo cha kuzunguka kichwa, kwa hiyo angalia kama kuna sentimita mbele yake.

"Connaissance" nayo ni mtego mdogo, mashine au mtu mwenye haraka anaweza kuitoa kama elimu, mgonjwa kapoteza maarifa. Sote tunapoteza maarifa kidogo kidogo lakini siyo emajensi.

Faili la mtoto wa miezi miwili linasema "malaise du nourrisson". Nalo ni kuzimia?

Hapa tulia. Kwa kichanga "malaise" ni tukio linalotisha, mtoto anabadilika rangi, anakuwa wa bluu au mweupe, analegea au anakakamaa, pumzi inakata kidogo, mama anapiga kelele. Kiingereza walikuwa na jina lake tangu 1986, ALTE, "apparent life-threatening event", halafu 2016 chama cha madokta wa watoto cha Marekani kikaleta jina jingine, BRUE, "brief resolved unexplained event". Shida ni kwamba BRUE ina masharti, mtoto awe chini ya mwaka mmoja, tukio lipungue dakika moja, liwe limeisha, na uchunguzi usipate maelezo. "Malaise du nourrisson" haina masharti hayo, baadaye inaweza kugundulika ilikuwa maziwa kurudi kooni au kifaduro. Ukiandika BRUE umetoa uamuzi wa kidokta ambao hukutumwa. Mimi huandika "acute episode in an infant" halafu natafsiri kila kilichoelezwa, rangi, pumzi, mwili kulegea, muda, neno kwa neno bila kupunguza hata sekunde. Dokta wa huko ataamua mwenyewe aiite nini.

Je kuna mahali malaise inabaki malaise?

Zipo. "Malaise général" au "sensation de malaise" pamoja na homa na kuumwa viungo, acha. "Malaise post-effort" kwa wale wenye ugonjwa wa uchovu sugu, Kiingereza chake rasmi ni "post-exertional malaise", hapo ukijifanya mjanja ukaandika kuzimia baada ya mazoezi umeharibu kabisa maana kuzimia ukikimbia ni jambo jingine na la hatari, dokta wa moyo ataruka kutoka kwenye kiti. Kwenye karatasi za ndani ya boksi la dawa, orodha ya madhara, inategemea, kama iko pamoja na uchovu na udhaifu ni malaise, kama iko pamoja na presha kushuka na kizunguzungu anza kushuku.

"Malaise cardiaque" ni heart attack?

Kwenye gazeti inaweza kuwa chochote cha moyo, kuziba mshipa, moyo kusimama, mapigo kwenda mrama. Quebec wanaitumia sana kwa maana ya shambulio la moyo. Kwenye faili la hospitali ni nadra, dokta huwa anaandika "infarctus", yaani mshipa wa moyo kuziba, au "arrêt cardiaque", yaani moyo kusimama, kama anajua, na hayo mawili usiyachanganye. Ukiikuta andika "cardiac event" na ulale usingizi. Fabrice Muamba mzaliwa wa Kinshasa, yule mchezaji wa Bolton aliyeanguka kwenye uwanja wa Tottenham Machi 2012, moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Hiyo haikuwa "heart attack" ile ya mshipa kuziba, ilikuwa moyo kusimama, japo wengi mtaani mpaka leo wanaiita hivyo.

Na "collapsus"? Hiyo si ndo "collapse"?

Hapana! Hii ni kinyume. "Collapsus" kwenye Kifaransa cha hospitali ni presha kuporomoka, "circulatory collapse". Mtu anaweza kuwa na "collapsus" amelala kitandani ICU hajaanguka popote. Na pia kuna "collapsus" la pafu. Kwa hiyo "malaise" mara nyingine inakuwa "collapse" na "collapsus" haiwi "collapse" tupu, lugha hizi mbili zinacheza mchezo wa viti.

Nimekutana na "syncope à l'emporte-pièce" nimeshindwa kabisa.

"Emporte-pièce" ni kile chuma cha kutoboa ngozi au kukatia biskuti, kinapiga mara moja na kipande kinatoka safi. Maana yake mtu alizima ghafla bila dalili yoyote ya kumtahadharisha, katikati ya sentensi, mara nyingi anaumia uso kwa sababu hakupata muda wa kunyoosha mikono. Kwa Mfaransa maneno haya yananuka moyo, mapigo yamekata. Andika "abrupt syncope without warning". Ukiweka biskuti kwenye tafsiri umepoteza taarifa muhimu kuliko zote kwenye hilo faili.

Pembeni ya malaise kuna "TA 8/5" na "dextro 0,45". Nibadilishe?

Badilisha lakini acha na ya asili pale pale. TA ni "tension artérielle", presha. Wafaransa wengi wanaiandika kwa sentimita za zebaki, hiyo 8/5 ni 80/50 kwa milimita, presha ya chini sana, na 12/8 ni 120/80 ya kawaida kabisa. "Dextro" siyo dripu ya dextrose, yale maji ya sukari! Ni kipimo cha sukari cha kidoleni, jina limetokana na vile vijiti vya zamani vya kupimia. 0,45 ni gramu kwa lita, na mkato ni nukta, kwa hiyo 45 mg/dL au 2.5 mmol/L. Hiyo ni sukari ya chini sana na pengine ndo sababu nzima ya malaise yenyewe. Mtu akiandika kwamba mgonjwa alipewa dextrose, dokta wa pili anadhani sukari ilikuwa imeshatibiwa wakati ilipimwa tu.

Mimi ni mkalimani siyo mtafsiri, mgonjwa yuko mbele yangu anaongea Kiswahili cha Goma, anasema "nilifanya malaise". Nafanyaje?

Wewe una bahati kuliko sisi wa karatasi, unaweza kuuliza. Mwambie dokta kwanza kwamba hilo neno lina maana nyingi na unaomba kuuliza, halafu uliza kwa heshima: mama, ulianguka? Ulikuwa unasikia watu wakiongea? Uliona giza? Uliamka uko wapi?

Lakini Kiswahili chetu nacho kina makapu yake. "Anaanguka" kwa watu wengi maana yake ana kifafa, siyo kwamba alijikwaa. "Kizunguzungu" inaweza kuwa dunia inazunguka, inaweza kuwa kichwa chepesi, na Kiingereza kina maneno tofauti kwa hivyo viwili, "vertigo" na "light-headed". Na ukisikia "nilipoteza nguvu" usiruke kwenye "lost consciousness", mtu anaweza kulegea mwili mzima huku anasikia kila neno mnalosema juu yake.

Naweza kutumia AI?

Kwa rasimu, sawa, ila futa jina na kila kinachomtambulisha mgonjwa kwanza. Ikimaliza tafuta neno "malaise" kwenye Kiingereza chake, kila utakapolikuta rudi kwenye Kifaransa uulize saa ngapi.

Dokta aliyeandika hapatikani simu, na nimeona kwenye ukurasa wa tatu anaandika "syncope" wakati wa kwanza aliandika "malaise". Nilinganishe yawe sawa?

Usiguse. Pengine ukurasa wa kwanza ni wa usiku alipopokelewa na wa tatu ni wa asubuhi baada ya ndugu kufika na kusimulia vizuri. Kutofautiana huko ni historia ya mgonjwa. Tafsiri la kwanza kama lilivyo, la tatu kama lilivyo, na tarehe na saa za kila ukurasa ziwepo.

Kuna maneno mengine ya hivi?

Mengi mpaka kero. "Angine" ni koo, tezi zimevimba, wakati "angine de poitrine" ndo ya moyo. "Délivrance" wodi ya wazazi ni kondo la nyuma kutoka, siyo mtoto. "Anthrax" kwa Mfaransa ni majipu yaliyoungana na ule ugonjwa wa ng'ombe yeye anauita "charbon", makaa. Nitayaandikia siku nyingine, saivi nina faili la kurasa 19 linanisubiri na ukurasa wa kwanza tu kuna "malaises à répétition", malaise za kujirudiarudia.